Iko Wapi, Saa Ngapi, na Iko na Nani: Niliyojifunza kwa Nyukleoprotini ya Mafua

Watu wakizungumzia virusi vya homa ya mafua, herufi wanazozitaja ni mbili: H na N. H1N1, H3N2, H5N1. Herufi hizo ni za protini zilizochomoza juu ya kirusi, hemaglutinini na neuraminidasi. Chanjo nyingi zimejengwa juu ya ile ya kwanza, na dawa inayojulikana zaidi, oseltamivir, inailenga ile ya pili. Mimi sehemu kubwa ya maisha yangu ya maabara nimekaa na protini isiyotajwa kabisa katika majina hayo. Iko ndani, imelala juu ya RNA, uzi wa kikemia unaobeba maelekezo ya kirusi, na inaitwa nyukleoprotini. Sisi tunaoishughulikia tunaiita NP, basi. Naandika kwa sababu naamini asiyeijua NP hajayajua mafua, na kwa sababu njia niliyopita hadi kuielewa imenibadilisha namna ninavyosoma kirusi chochote.

Nilipopewa mradi huu, mwalimu wangu aliniuliza: "Ukiambiwa protini hii inafunika RNA, swali lako la kwanza ni lipi?" Nikajibu kwamba ningetaka kujua inaifunikaje. "Hilo litakuja lenyewe," akasema. "Wewe anza na iko wapi, ni saa ngapi, na iko na nani." Nilikuwa nimetoka chuoni, nimekariri kazi za kila protini ya kirusi, kila moja na mstari wake mmoja wa maelezo. Ilinichukua muda kuona kwamba mstari mmoja hautoshi kabisa kwa NP.

Kilichonifungua macho kwanza ni hesabu ndogo. Kirusi cha mafua aina ya A kina RNA iliyogawanyika vipande 8, jumla yake takriban nyukleotidi 13,500, yaani herufi za kikemia zinazounda RNA. Kirefu kuliko vyote kina 2,341, kifupi kabisa kina 890. Molekuli moja ya NP hushika takriban nyukleotidi 24. Gawanya: kipande kirefu kinabeba NP karibu 100, kifupi zinakaribia 40, na kirusi kizima kinahitaji zaidi ya 500. Kipande cha 5 ndicho chenye jeni ya NP yenyewe. Urefu wake ni nyukleotidi 1,565, maana yake ni kwamba maelekezo ya kutengeneza NP yamefunikwa na NP zipatazo 65. Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye daftari nilikaa kimya nikiitazama. Seli inapoambukizwa, protini zilizoletwa na kirusi ndizo zinazoilinda jeni itakayozaa nyingine za aina hiyohiyo kwa maelfu.

Kwenye ncha ya kila kipande kuna polimerasi, kimeng'enya kinachonakili RNA, chenye sehemu tatu: PB1, PB2 na PA. Polimerasi hiyo inazishika ncha zote mbili za RNA kwa pamoja, kwa hiyo kipande kinajikunja na kujisokota mfano wa fimbo fupi. RNA, NP zake na polimerasi yake vikiwa pamoja tunaviita RNP. Hiki ndicho kitu hasa ambacho mafua hurithisha. Ukichukua RNA ya mafua ikiwa tupu ukaiingiza ndani ya seli, hakuna maambukizi yatakayotokea, kwa sababu seli haiwezi kuisoma moja kwa moja kama RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Lazima ije na polimerasi yake, tena ikiwa imevikwa NP.

Sasa nieleze jaribio nililolifanya mara nyingi kuliko jingine lolote, maana ndilo lililonipa jibu la "iko wapi".

Unaotesha seli juu ya vioo vyembamba vya mviringo. Unaziwekea virusi zikiwa kwenye baridi, ili virusi vijishike juu ya seli bila kuingia, kisha unazihamishia kwenye joto la nyuzi 37. Hapo saa imeanza. Kila baada ya muda unatoa kioo kimoja na kukizamisha kwenye formalini, na kila kitu ndani ya seli kinasimama papo hapo kilipokuwa. Unatoboa utando kwa sabuni laini ya maabara, unaweka kingamwili, protini ya kinga inayoitambua NP na kuishika, unaosha, unaweka kingamwili ya pili iliyobeba rangi ya kijani inayong'aa. Kiini cha seli unakipaka buluu. Mwisho wa siku una safu ya vioo mezani, kila kimoja kikiwa na saa yake.

Kioo cha mapema kabisa hakina mengi. Ukikaza macho utaona nukta za kijani hapa na pale, nazo ni NP zilizokuja na virusi vyenyewe. Saa ya 3 au ya 4 hali imebadilika: kiini kizima kimewaka kijani, na nje ya kiini karibu hakuna kitu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani kijani na buluu vitatengana nikigeuza kichujio. Havikutengana. Protini ilikuwa ndani ya kiini, mahali ambapo virusi vingi vya RNA havina haja napo. Kufika saa ya 6, ukingo wa kiini unang'aa kuliko katikati. Kati ya saa ya 8 na ya 10, kijani kimemwagika nje kikajaa saitoplazimu yote, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, kimejikusanya kwa wingi karibu na utando wa seli, na pale palipokuwa na kiini kinachowaka pamebaki duara jeusi. Saa hizi hutofautiana kidogo kwa aina ya seli na aina ya kirusi, lakini mfuatano haubadiliki.

Niliwahi kuketi na safu hiyo jioni nzima, nikirudi kioo cha nyuma na kwenda cha mbele. Protini ni ileile, kingamwili ni ileile, mwanga uleule. Kilichobadilika ni saa.

Kwa nini iingie kwenye kiini? Mafua yana tabia ya wizi ambayo haiwezi kufanyika penginepo. RNA mjumbe ya seli ina kofia ya kikemia mwanzoni mwake, na bila kofia hiyo mitambo ya kutengeneza protini haiipokei vizuri. Polimerasi ya mafua haijui kutengeneza kofia. Kwa hiyo PB2 huishika kofia ya RNA changa ya seli, PA huikata pamoja na nyukleotidi 10 hadi 13 hivi, na kipande hicho cha wizi kinakuwa mwanzo wa RNA mjumbe ya kirusi. RNA changa zenye kofia hupatikana kwenye kiini, pale seli inaponakili jeni zake. Kirusi hakina budi kwenda huko.

Nayo RNP ni kubwa mno kupenya yenyewe kwenye vitundu vya kiini. Kirusi kikishamezwa na seli, mazingira ya kifuko kilichokimeza yanageuka kuwa ya asidi. Protini ya M2 inaingiza asidi hiyo hadi ndani ya kirusi, M1 iliyokuwa imezing'ang'ania RNP inaachia, na hemaglutinini inaunganisha utando wa kirusi na wa kifuko. RNP zinatoka zikiwa huru. Hapo NP inafanya kazi ambayo kitabu nilichokariri hakikuitaja: mwanzoni kabisa mwa mnyororo wake ina asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) chache zinazotambuliwa na importini-alfa, protini ya seli inayopitisha mizigo kuingia kwenye kiini. NP inajitambulisha, inapokelewa, na RNA inaingia ikiwa mgongoni mwake. NP changa zinazotengenezwa baadaye kwenye saitoplazimu zinaingia kwa njia hiyohiyo, na ndizo zinazokiwasha kiini saa ya 3.

Kutoka nako kuna mlango wake. Nilipouliza ni nini kinachoitoa NP, mwalimu hakunijibu. Aliniletea kichupa cha leptomaisini B, dawa inayoizuia CRM1, protini ya seli inayotoa mizigo nje ya kiini. Nikarudia jaribio nusu ya vioo vikiwa na dawa. Saa ya 9, vioo visivyo na dawa vilikuwa na kijani nje kama kawaida. Vyenye dawa, kijani kilikuwa bado kimefungiwa ndani. RNP mpya hutoka pale M1 na NEP, protini mbili za kirusi zinazoongezeka kadiri maambukizi yanavyoendelea, zinapoiunganisha RNP na CRM1. Zikishatoka, hubebwa na vifuko vya seli vyenye protini ya Rab11 hadi chini ya utando wa seli, ambako virusi vipya huchipuka.

Tangu hapo kuna jambo silikubali kirahisi: picha ya NP isiyo na saa. Katika kikao kimoja mwenzetu alionyesha seli zilizotiwa kemikali aliyokuwa akiichunguza, NP ikiwa yote nje ya kiini, na akahitimisha kwamba kemikali hiyo inaizuia kuingia. Nikauliza seli zile zilisimamishwa saa ya ngapi. Saa ya 9, akasema. Saa ya 9 NP huwa nje hata bila kemikali yoyote. Aliporudia kwa saa ya 3, NP ilikuwa imejaa ndani ya kiini, na mradi wake ukachukua njia nyingine kabisa, yenye faida zaidi.

Swali la "iko na nani" lilinichosha kuliko yote, na sehemu kubwa ya uchovu huo niliupata mbele ya kipimo cha mwanga.

Ili kuichunguza NP peke yake, tuliwafanya bakteria waitengeneze, kisha tukaisafisha. Njia ya haraka ya kukagua protini iliyosafishwa ni kuangalia inavyofyonza mwanga wa mawimbi mawili, nanomita 260 na 280. Protini safi huwa na uwiano wa takriban 0.6. RNA safi huwa karibu na 2. NP yangu ilitoka kwenye safu ya kusafishia ikiwa imezidi mno ile 0.6. Haikuwa peke yake: ilikuwa imekumbatia RNA ya bakteria. NP ina arginini nyingi, zenye chaji chanya, zimejipanga kwenye bonde lililo kati ya kichwa na kiwiliwili chake, na RNA ina chaji hasi. NP haichagui mfuatano. RNA yoyote iliyo karibu inaishika. Ilibidi tuweke chumvi nyingi na kimeng'enya cha kukata RNA ndipo uwiano ukashuka.

Jambo hilo lilinipa swali ambalo bado nalipenda. Seli imejaa RNA zake yenyewe, nyingi kuliko za kirusi. Kama NP inashika RNA yoyote, inawezaje kufika kwenye RNA ya kirusi bila kujipoteza njiani? Sehemu ya jibu ni kwamba NP changa haiachwi peke yake. Importini-alfa yenyewe inaisindikiza. Protini ya seli iitwayo UAP56 nayo huishika kabla haijaifikia RNA. Na kuna asidi amino kadhaa za NP ambazo seli huzibandika fosfati. Fosfati ikiwa mahali fulani, NP haiwezi kuungana na jirani yake. Sehemu nyingine ya jibu ni polimerasi: RNA mpya ya kirusi inapochomoza, polimerasi nyingine inaishika ncha yake, na NP zinaanza kujipanga kutoka hapo.

Namna zinavyojipanga ilianza kuonekana vizuri mwaka 2006, umbo la NP ya mafua A lilipochapishwa kwa mara ya kwanza. Kirusi kilichotumika kinaitwa WSN, na kina historia ndefu. Mwaka 1933, jijini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walifanikiwa kutenga kirusi cha mafua ya binadamu kwa kutumia ferreti, mnyama mdogo anayefanana na kicheche. Smith mwenyewe akaugua, na kirusi kilichotoka kwake kikapewa herufi za jina lake. WSN ni kizazi cha kirusi hicho. Napenda kulikumbuka hilo ninapotazama umbo la NP kwenye skrini, kwamba lilianzia kwenye koo la mtu aliyekuwa kazini.

NP ya mafua A ina asidi amino 498. Karibu na mwisho, kati ya ya 402 na ya 428, mnyororo unachomoza kama kitanzi, na kitanzi hicho kinaingia kwenye mwili wa NP jirani. Kila moja inamshika aliye mbele, kama watu waliojipanga gizani kila mmoja akiweka mkono kwenye bega la mwenzake. Mshiko huo unategemea sana asidi amino mbili: arginini ya 416 kwenye kitanzi, na glutamati ya 339 kwenye jirani, moja chanya na nyingine hasi. Tuliibadilisha ile ya 416 peke yake ikawa alanini, asidi amino isiyo na chaji. NP ya kawaida kwenye safu ya kutenganisha kwa ukubwa hutoka ikiwa katika vikundi. Iliyobadilishwa ilitoka ikiwa moja moja. Asidi amino moja kati ya 498, na mstari wote umevunjika. Ndani ya seli, NP ya namna hiyo haikuweza kuunda RNP yenye kufanya kazi.

Tunalijuaje hilo la mwisho? Kuna jaribio ambalo kila anayesoma polimerasi ya mafua hulifahamu. Unaingiza kwenye seli plasmidi nne, yaani DNA za mviringo zenye jeni za PB1, PB2, PA na NP, pamoja na RNA iliyotengenezwa mfano wa kipande cha kirusi, isipokuwa badala ya jeni ya kirusi imebeba jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. RNA ikinakiliwa, mwanga unatokea na unausoma kwa mashine. Hakuna kirusi kizima, hakuna wa kuambukizwa. Ukiondoa plasmidi moja kati ya nne, mwanga unapotea. Ukiondoa ya NP, unapotea vilevile kama umeondoa sehemu ya polimerasi.

Kutokana na majaribio ya aina hiyo, kwa miaka mingi wazo lililovuma lilikuwa kwamba NP ni swichi: ikiwa chache, polimerasi inatengeneza RNA mjumbe, zikiongezeka, inageukia kunakili jeni zima. Wazo linavutia, na nililifundisha. Kisha mwaka 2013 ukachapishwa utafiti ulioonyesha kwamba RNA ikifupishwa hadi nyukleotidi 76 hivi au chini ya hapo, polimerasi inaweza kutengeneza RNA mjumbe na kunakili jeni bila NP yoyote. Tulijaribu wenyewe kwa nyuzi fupi, tukaona nakala zikitoka. Urefu ukizidi, kazi inakwama. Kwa hiyo polimerasi haihitaji ruhusa ya NP ili ianze. Inaihitaji ili iweze kwenda mbali. Ninavyoona mimi, hili ndilo jambo muhimu kuliko yote ambayo NP imetufundisha kuhusu kirusi hiki: jeni la nyukleotidi 2,341 linawezekana kwa sababu kuna protini inayolipokea linapotoka, nukta kwa nukta, na kulishika lisijikunje hovyo au kukatwa. RNA mjumbe haivikwi hivyo. Inatoka na kofia yake ya wizi na kwenda kusomwa kama RNA mjumbe ya seli.

Hadi hapa nimeiongelea NP ikiwa na wenzake. Ina maadui pia, na hapo ndipo mafua ya ndege na ya binadamu yanapotengana kwa namna ambayo H na N hazisemi.

Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua interferoni, kitu ambacho seli hutoa kuzitahadharisha nyingine kwamba kuna kirusi. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, Lindenmann aliripoti kwamba panya wa ukoo uitwao A2G hawafi kwa mafua yanayowaua panya wengine. Sababu ikaja kujulikana kuwa ni protini ya Mx, inayotengenezwa interferoni inapoita. Sisi binadamu tunayo ya kwetu, MxA. Na MxA inapoizuia mafua, inachokilenga ni NP. Mafua ya ndege kwa kawaida huiogopa sana MxA. Ya binadamu huistahimili zaidi. Tofauti iko kwenye asidi amino chache za NP, na virusi vya majanga ya mafua ya 1918 na 2009 vyote vilikuwa na vibadiliko vya kuistahimili kwenye NP zao, ingawa si vilevile. Mwaka 2023 likaongezeka jina jingine, BTN3A3, protini nyingine ya binadamu inayozuia mafua mengi ya ndege, na asidi amino ya 313 ya NP ni mojawapo ya zinazoamua kama kirusi kitapita au la.

Mtu angedhani basi kirusi kingebadilisha tu NP yake na kupita. Kinachonigusa katika habari hii ni gharama. Vibadiliko vinavyoikwepa MxA, vikiwekwa kwenye NP ambayo haijaandaliwa kuvibeba, huidhoofisha: RNP zinaingia kwenye kiini kwa shida. Lazima vije na vibadiliko vingine vya kufidia. Hali ni hiyohiyo ukifuata NP ya H3N2 tangu 1968: baadhi ya vibadiliko vilivyokuja baadaye, ukivirudisha kimoja kimoja kwenye NP ya zamani, vinaiharibu. NP inashika RNA, inashika jirani, inaongea na polimerasi, inatambuliwa na importini. Kila asidi amino ina majukumu, kwa hiyo nafasi ya kubadilika ni finyu.

Ndiyo maana NP ni lengo zuri la dawa, na ndiyo maana nasononeka kwamba hatujafika. Mwaka 2010 ilitangazwa kemikali iliyopewa jina nukleozini, inayozifanya NP zigandamane mabonge na kushindwa kuingia kwenye kiini. Tuliisoma makala hiyo kwa furaha kubwa. Lakini kibadiliko kimoja, cha asidi amino ya 289, kinatosha kuikwepa, na baadhi ya virusi vya janga la 2009 tayari vilikuwa nacho. Hakuna dawa ya NP iliyokwishafika kwa wagonjwa kwa ajili ya mafua.

Mahali ambapo NP imewafikia wagonjwa ni kwenye vipimo vya haraka. Nilihamia kwa muda kwenye maabara ya vipimo, na muuguzi mmoja alikuwa akinipigia simu mara kwa mara. "Daktari, kipimo kimesema ni A. Sasa ni A ipi?" Nikamweleza kwamba kile kipande cha karatasi kinatambua NP, na NP za mafua A hufanana sana, za watu na hata za ndege, wakati ya mafua B iko mbali nazo. Kwa hiyo kinaweza kusema A au B, hakiwezi kusema H ngapi. Kwa hilo inabidi sampuli ije kwa PCR, kipimo kinachotafuta jeni za kirusi zenyewe. "Na kikisema hakuna?" Nikamwambia, "Dada, hapo niambie kwanza mgonjwa ana siku ya ngapi tangu aanze kuumwa, na pamba ilifika wapi puani." NP ikiwa chache kwenye sampuli, mstari hautokei, na mgonjwa anaweza kuwa na mafua vilevile. Baada ya hapo akawa anaandika siku ya ugonjwa kwenye kila fomu bila kuombwa.

Bado kuna "nani" mmoja, naye ndiye ninayeshughulika naye sasa. Kingamwili dhidi ya NP hazizuii kirusi kuingia kwenye seli, kwa sababu NP iko ndani na kingamwili iko nje. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 Alain Townsend na wenzake walionyesha kwamba seli T za kuua, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa, zinaitambua NP, na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba kinachotambuliwa ni vipande vifupi vyake. Seli iliyoambukizwa hukatakata protini zilizo ndani yake na kuvionyesha vipande kwenye uso wake, hata vya protini isiyofika usoni yenyewe. Mafua yalisaidia kuifundisha dunia jinsi kinga inavyoona ndani ya seli. Na kwa kuwa NP haibadiliki kwa kasi ya hemaglutinini, seli T iliyoandaliwa na mafua ya mwaka mmoja inaweza kuyatambua ya mwaka mwingine. Wakati wa janga la 2009, watu waliokuwa na seli T nyingi za aina hiyo kabla ya kuambukizwa waliugua kwa unafuu zaidi. Hilo lilichapishwa 2013.

Kwa miaka tumejaribu kuligeuza jambo hilo liwe chanjo. Mwaka 1993 panya walidungwa DNA yenye jeni ya NP, na wakakingwa dhidi ya kirusi chenye hemaglutinini tofauti kabisa. Kwa binadamu imekuwa vigumu. Chanjo moja iliyobeba NP na M1 ilifikishwa hadi jaribio kubwa, ikidungwa mkononi baada ya chanjo ya kawaida ya msimu, na matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba haikupunguza maambukizi yaliyothibitishwa. Niliisoma taarifa ile kwa uchungu, nikafika kwenye njia ya utoaji, nikasimama hapo. Sindano ya mkononi, na seli T zilihesabiwa kwenye damu. Mafua yanaanzia puani na yanaua mapafuni, na kuna seli T za kumbukumbu zinazokaa hukohuko kwenye mapafu bila kuzunguka na damu. Hizo ndizo zilizomkinga panya katika majaribio mengi, na hupungua idadi miezi inavyopita. Kwa hiyo kazi tuliyo nayo sasa ni kuipeleka NP kwa njia ya pua, kisha kuzitafuta seli T kwenye majimaji ya mapafu wiki kadhaa baadaye, na tena baada ya miezi, tuone ni ngapi bado zipo.